Maoni ninayoandika kwenye madaftari hayawasaidii watoto. Wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu wa Langoni

Asalaam alaykum walimu wenzangu, na habari za kazi kwa wote.

Nafundisha Kiswahili Gredi ya 5 hapa Amu (Lamu), shule ya serikali, darasa la watoto 58. Nimezaliwa Langoni, nimesoma hapa hapa, na huu ni mwaka wangu wa tisa darasani. Kuna jambo limeninyima raha tangu wiki jana na nataka ushauri wa watu wanaoshika chaki kama mimi.

Nilibeba madaftari ya insha nyumbani, nikakaa barazani baada ya alasiri nikaanza kusahihisha. Nilipofika kwa mtoto mmoja nikafunua kurasa za nyuma kulinganisha na insha zake za mwanzo wa mwaka. Macho yakaanza kuona maneno yale yale. Nikahesabu. "Jitahidi zaidi" nimemwandikia mara 11. Mara 11, mwandiko wangu, mtoto mmoja, tangu Januari. Na hakuna kilichobadilika. Herufi kubwa anaisahau pale pale alipoisahau mwezi wa kwanza, na insha yote ni aya moja kutoka juu hadi chini. Nikajiuliza, huyu mtoto nimemwambia ajitahidi nini? Ningepewa mimi karatasi iliyoandikwa hivyo nisingejua pa kuanzia.

La pili ndilo lililoniuma zaidi. Insha ilikuwa "Siku ambayo sitaisahau." Kijana mmoja wa darasani, baba yake ana punda wa kubeba mawe na mchanga, aliandika juu ya siku ya mashindano ya punda. Nanukuu kama alivyoandika:

"Punda wetu alianguka mbele ya Mkunguni. Watu wakateka. Mimi sikuteka kwa kuwa niliuona mguu wake umevundika. Baba akanishika bega. Tukarudi nyumbani. Mwisho."

Wenzangu mlio Amu mnajua: kuteka kwetu ni kucheka, kuvundika ni kuvunjika. Mimi nilifanya nini? Nilizungushia "wakateka" kwa nyekundu, nikazungushia "sikuteka," nikazungushia "umevundika," nikaandika pembeni "Zingatia Kiswahili sanifu," na chini nikaweka 9 kati ya 20. Na "Jitahidi zaidi."

Siku ya pili niliporudisha madaftari nilimwona akilifungua. Alitazama alama tu. Kisha akaukunja ule ukurasa katikati, akaupiga msitari kwa ukucha ili ukae umekunjika, akaweka daftari ndani ya mkoba. Hakusema neno. Mapumziko akaja mlangoni kuniuliza kama achukue ufunguo wa kabati, akasema vile tunavyosema wote hapa, nami nikamjibu kwa Kiamu changu kama kawaida. Alipoondoka ndipo ikanigonga: lugha ninayozungumza naye mlangoni ndiyo ile ile niliyoizungushia nyekundu darasani.

Na mtoto kaniandikia kuhusu mnyama wao aliyevunjika mguu mbele ya watu. Sikumwambia hata neno moja juu ya hilo.

Maswali yangu ni haya. Mnaandika nini kwenye daftari ambacho mtoto anakifanyia kazi kweli, si kukitazama na kufunga? Lahaja mnaisahihishaje bila kumfanya mtoto aione lugha ya mama yake kuwa kosa? Na mnapata wapi muda? Nikitumia dakika nne kwa kila daftari, watoto 58 ni karibu saa nne, na hiyo ni insha moja ya somo moja.

Mwalimu Faza

Nami nangoja majibu, dada. Kwangu ni "Vizuri" na "Fanya bidii." Nimekwenda kufungua daftari moja sasa hivi baada ya kukusoma, na sitasema nimehesabu ngapi.

Maalim wa Kizingitini

Wa alaykum salaam binti yangu. Nimestaafu baada ya miaka 31, nyingi yake nimefundisha visiwani. Swali lako la lahaja nitalijibu kwa urefu kwa sababu nililikosea kwa miaka mingi kabla sijalipatia.

Kwanza ujue, na watoto wako wajue, Kiswahili sanifu kilitoka wapi. Mwaka 1928 kulifanyika mkutano Mombasa, ikachaguliwa lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia jambo hilo kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Ilikuwa ni kuchagua lahaja moja kati ya nyingi ili vitabu vya shule viandikwe kwa namna moja. Mtoto wa Amu anayeandika "kitwa" hakukosea Kiswahili. Kaandika Kiswahili kingine, na tenzi za kale za Pate na Amu zimejaa maneno hayo hayo. Mimi nilikuwa nawaambia watoto hivi waziwazi siku ya kwanza ya mwaka, na ukiwaona nyuso zao utajua kwa nini.

Lakini mtihani ni wa sanifu, na mtoto ana haki ya kufundishwa sanifu. Kwa hiyo usimsahihishe neno moja moja. Mfundishe njia. Chora ubaoni safu mbili, Nyumbani na Shuleni, uwaachie wao wajaze:

kitwa, kichwa
mato, macho
kuteka, kucheka
nti, nchi

halafu

ndia, njia
ndaa, njaa
kuvunda, kuvunja

Usiwaambie kanuni. Ngoja. Kuna mtoto atasema, "Maalim, T yetu ni CH yao." Mwingine atasema ND yetu ni NJ yao. Sasa badala ya makosa 15 yaliyotapakaa kwenye daftari, mtoto ana jambo moja la kushughulikia, na amelivumbua mwenyewe. Tangu hapo nilikuwa siandiki neno sahihi juu ya neno lake. Naandika pambizoni herufi N tu, yaani hapa umeandika cha nyumbani, tafuta cha shuleni. Anakitafuta yeye. Ukimwandikia wewe, kazi umeifanya wewe na yeye amekutazama.

Tahadhari moja. Si kila T inageuka. Mtoto ni mtoto kwetu na kwao, tatu ni tatu. Nilikuwa na msichana aliyeshika kanuni kwa nguvu mno akaniandikia "ndugu zangu chatu." Nikamwambia soma kwa sauti, akasoma, akasimama mwenyewe kwenye hilo neno. Hiyo nayo ni kusahihisha: kumwambia asome kwa sauti mbele yako. Makosa mengi mtoto huyasikia kabla hujayaonyesha.

Na la mwisho, mazungumzo ndani ya insha. Mtu wa Amu akizungumza ndani ya insha, mwache azungumze kama mtu wa Amu, ndani ya alama za usemi. Masimulizi yawe sanifu. Mtoto akijua kwamba anachagua, hujifunza zote mbili.

Kuhusu yule kijana wa punda, mwite. Usingoje insha ijayo.

Hesabu Mpeketoni

Naheshimu aliyosema Maalim, lakini niweke ukweli mezani. Mimi nafundisha Hisabati, madarasa mawili, na kwetu daftari hukaguliwa. Mkaguzi akifungua asione nyekundu kila ukurasa anasema mwalimu hasahihishi. Mzazi naye vivyo hivyo. Nikiweka herufi moja pambizoni nitaulizwa niko likizo? Kwa hiyo wengi wetu tunaandika kwa ajili ya mkaguzi, si kwa ajili ya mtoto, na hilo ndilo tatizo ambalo hakuna semina inayolitaja.

Hata hivyo nitoe ninachokifanya, kwa sababu swali lako ni la kweli.

Mtoto akiandika 402 − 178 = 376, mwalimu ataweka mkasi (alama ya X) na kuandika 224. Mtoto atanakili 224 na kufunga daftari. Kesho ukimpa 503 − 267 atakuandikia 364. Angalia vizuri alivyofanya: kila safu anatoa ndogo kutoka kubwa, bila kujali ipi iko juu. 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Hakukisia. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu kabisa. Kuweka mkasi mara tano kwenye hesabu tano ni kumwambia mara tano kwamba hana akili, wakati kosa ni moja tu, na hujalitaja.

Kwa hiyo naandika: "Una 402. Kwenye mamoja una 2 tu. Utatoaje 8?" Basi. Na kama ukurasa una hesabu kumi, na tatu kati ya hizo zimekosewa, sizionyeshi. Naandika chini, "Tatu hazijakaa sawa. Zitafute." Wanazipitia zote kumi. Mwanzo walilalamika, sasa wanabishana wao kwa wao ipi ndiyo. Kwa mkaguzi nimeomba nieleze mwenyewe, na nikamwonyesha daftari la Februari na la Juni la mtoto mmoja. Hajaniuliza tena.

Muda? Sisahihishi zote kwa undani. Kila wiki madaftari 15 kwa kina, mengine natazama tu kama kazi imefanyika. Kwa mwezi kila mtoto nimemfikia. Wenye kusema tusahihishe yote kwa kina kila siku hawajawahi kuwa na watoto 58.

Mama Mkomani

Mimi si mwalimu, samahani kwa kuingia baraza la walimu. Ni mzazi, nashona kofia za vito. Nimesoma habari ya yule kijana na ukurasa wake nikashindwa kunyamaza.

Daftari la mwanangu huja nyumbani na herufi za Kiingereza: AE, ME. Nimeuliza nikaambiwa ni Kukaribia Matarajio, Kufikia Matarajio. Haya, amekaribia. Amebakisha nini? Mimi nikae naye usiku nimfundishe kitu gani? Mwanangu akiulizwa "mwalimu kasema nini" anajibu "kasema AE." Mwalimu wangu, tuandikieni na sisi, hata kama ni sentensi moja. Wengine tumesoma chuo cha Qurani tu, lakini Kiswahili tunakisoma.

Niwaambie nilivyofundishwa mimi. Kofia ya vito ina vitundu vidogo kila mahali na kila kitundu unakizungushia uzi. Ukikaza sana kitambaa kinajikunja, ukilegeza kitundu kinapoteza duara. Nilikuwa na miaka 10 nikishona na mama yangu. Jioni akiikagua kofia yangu hakuwa akisema "mbaya" wala "nzuri." Alikuwa anaipitisha kidole, polepole, huku ametazama ukutani, kama anayesoma kwa kidole. Akifika mahali ambapo uzi umekaza, anafumua vitundu viwili vitatu, si vyote, kisha anaichomeka sindano pale pale na kunirudishia. Haendelei yeye. Sindano ikishasimama pale mimi najua: anzia hapa. Na mahali nilipopatia alikuwa anasema, "Hiki hapa. Fanya vingine kama hiki." Hiki kimoja, wala si kofia nzima. Nikawa nakitazama kile kitundu changu mwenyewe na kukiiga.

Sikumbuki hata siku moja aliyoimalizia yeye kofia yangu.

Mkufunzi Malindi

Bi Mkomani, hukuingia mahali pasipokuwa pako. Ulichosimulia ndicho tunachojaribu kuwafundisha walimu wanafunzi kwa mihula miwili na wengi hawakipati.

Mwalimu wa Langoni, niongeze jambo moja lililochunguzwa, kwa sababu linahusu ile 9 kati ya 20. Mwaka 1988 mtafiti wa Israeli, Ruth Butler, aligawa wanafunzi makundi: wengine wakapewa alama tu, wengine maoni tu, wengine alama pamoja na maoni. Waliopewa maoni tu ndio walioendelea vizuri katika kazi iliyofuata na hamu yao ikabaki. Waliopewa vyote viwili hawakufaidi yale maoni. Wakawa kama waliopewa alama tu. Hii ndiyo uliyoiona kwa macho yako. Mtoto akiona tarakimu, macho yake yanasimama hapo. Maneno uliyoyahangaikia saa nne yanakuwa mapambo.

Na mwaka 1996 Kluger na DeNisi walikusanya matokeo 607 ya tafiti za aina hii, wakaona kwamba kwa wastani mrejesho husaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo ulishusha utendaji. Ulishusha. Hasa pale unapomfanya mtu ajifikirie yeye badala ya kazi iliyo mbele yake. "Jitahidi zaidi" inamhusu mtoto. "Hebu tenganisha aya pale mlipofika nyumbani" inahusu kazi. Hata sifa ni hivyo hivyo: "Una akili" inamhusu yeye, na akishindwa kesho ataona akili zimekwisha. "Sentensi hii imenifanya nimwone punda" inahusu sentensi, na sentensi nyingine kama hiyo anaweza kuiandika.

Sisemi usitoe alama. Rekodi zinatakiwa. Andika alama kwenye rejista yako, daftarini weka maneno, na alama wape baadaye wakishafanya marekebisho. Wapo watakaolia siku ya kwanza. Wavumilie wiki mbili.

Lakini jambo nililoliona likishinda yote ni muda wa kujibu. Maoni yakirudishwa kengele inapolia ni kama barua isiyofunguliwa. Rudisha madaftari mwanzo wa kipindi, wape dakika kumi na penseli, na usianze somo jipya mpaka kila mtoto amefanya lile jambo moja. Kama huna hizo dakika kumi, basi afadhali usiandike maoni, lala.

Mwalimu wa Langoni

Shukrani zenu siwezi kuzimaliza. Mama wa Mkomani, ile ya sindano nimeisoma mara tatu. Hesabu Mpeketoni, kuhusu 15 kwa wiki umeniondolea mzigo wa miaka. Nitajaribu, nitarudi kuwaambia.

Mkufunzi, swali moja dogo. Yule mwenye "Jitahidi zaidi" 11 ana makosa ya kila aina: herufi kubwa, aya, alama za usemi, tahajia. Nimwambie lipi?

Mkufunzi Malindi

Lile ambalo akilipata, msomaji atamwelewa. Kwa maelezo yako ni aya. Herufi kubwa zitangoja, hazijawahi kumfanya mtu asieleweke. Na jizuie kweli kweli usizungushie mengine. Mkono utakuwasha.

Mwalimu wa Langoni

Nimerudi, wiki ya tatu leo. Niwape yaliyotokea yote, mazuri na yaliyokwama.

Kwanza nilimwita kijana wa punda, kabla ya kitu kingine chochote. Sikumwita ofisini. Nilimkuta nyuma ya darasa akimwaga maji ya kunawia nikamwambia, ile insha yako nimeisoma tena, nilikusahihisha vibaya. Akaniangalia tu. Nikamuuliza, "Baba alipokushika bega, wewe ulifanya nini?" Akajibu hakufanya kitu. Kisha akasema, "Niliitia kamba mkononi." Nikamuuliza kamba ipi. Kamba ya punda, alikuwa bado ameishika. Nikamwambia hilo halimo kwenye insha, na mimi msomaji nalitaka. Nikampa daftari, nimeshaifunika ile 9 kwa karatasi nyeupe juu yake, na pambizoni nimeweka nukta moja ya penseli mbele ya "Baba akanishika bega." Hiyo ndiyo sindano. Hakuna kingine.

Jumatatu yake nikafanya safu mbili za Maalim ubaoni. Maalim, ilikuwa kama ulivyosema. Dakika haikupita, msichana wa dawati la mbele akasema T yetu ni CH yao, na darasa zima likaanza kurusha maneno mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. Watoto ambao wazazi wao wametoka bara, ambao kwa kawaida ndio wanaopata alama za juu za sanifu, waligeuka wakawa wanawauliza wenzao, "Na hii mnaitaje?" Wale wa Amu wakawa walimu kwa robo saa. Kuna mtoto wa Matondoni hajawahi kuinua mkono tangu Januari, siku hiyo aliinua mara nne. Mwishoni nikawaeleza habari ya 1928. Swali la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, kwa nini hawakuchagua chetu?" Nikawajibu nijuavyo, kwamba Unguja ndiko kulikokuwa na biashara na vitabu vya wamisionari, na kwamba wangeweza kuamua vingine.

Dakika kumi za kujibu nimezipata kwa kuacha kunakilisha maswali ya ufahamu ubaoni. Sasa wanayasoma kitabuni. Wiki ya kwanza wengi walikaa na penseli hewani. Hawakujua maana ya kujibu maoni, kwa sababu miaka yote hakuna aliyewaambia yanajibiwa. Nikakaa na kundi moja moja, nikafanya ya mtoto mmoja mbele ya wote kwa idhini yake. Wiki ya pili ikaenda.

Iliyokwama ni alama. Mzazi mmoja alikuja shuleni, amekasirika, anauliza kwa nini daftari halina namba, anadhani mwanawe anafichwa. Nilimketisha nikamsomesha nilichoandika: "Aya yako ya kwanza inanionyesha bandari ya Mokowe vizuri. Sasa tenganisha pale mlipopanda boti." Akasoma. Akauliza, "Na amepata ngapi?" Nikamwonyesha rejista. Sijui kama ameridhika. Ofisini nako nimeambiwa nijaribu mpaka mwisho wa muhula, kisha itatazamwa.

Mwenye "Jitahidi zaidi" 11 ameandika aya tatu. Herufi kubwa bado. Mkono uliniwasha sana, Mkufunzi, niliushika. Na Mama wa Mkomani, nimeanza kuandika mstari mmoja wa mzazi chini ya kila insha, wale 15 wa wiki hiyo. Juzi mmoja umerudi na jibu kwa penseli, mwandiko wa mtu asiyezoea kalamu: "Tumesoma nae. Tumeelewa."

Kijana wa punda alileta insha yake Alhamisi bila kuulizwa. Ule ukurasa ameukunjua. Insha mpya ameiandika ukurasa wa pili yake, na kwa ruhusa yake naweka kipande hapa:

"Watu wakacheka. Ami yangu akasema, 'Musiteke, hamuoni mguu?' Wakanyamaza. Baba akanishika bega. Mimi nilikuwa nimeshika kamba yake. Tulipofika nyumbani niliona bado ninayo. Mama akaniambia niiweke. Sikuiweka. Nililala nayo."

Sijaweka nyekundu popote. Nimeandika pambizoni, "Nimeiona kamba," na nukta moja ya penseli mbele ya "Nililala nayo," kwa sababu nataka kujua asubuhi yake ilikuwaje.